Maneno Ishirini ya Kumfunga Mtu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeanza kazi leo Kapsoya, kwa Madam Angeline. Yeye ni naibu mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, na mimi nimeajiriwa kumtunza baba yake, Mzee Kipyego, mkulima wa Moiben mwenye miaka themanini na moja ambaye kumbukumbu imeanza kumtoka. Mshahara ni mdogo. Nimeukubali kwa sababu ya saa. Chuo ninachosomea utunzaji wa wazee kinataka kila mwanafunzi amalize saa mia tatu za kazi nyumbani kwa mtu, kila siku isainiwe na mwenye nyumba, kabla ya mtihani wa Desemba. Bila saa hakuna mtihani, bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti cha kunipeleka ng'ambo nitazeeka nikipima sukari ya robo kilo katika duka la mama pale Kimumu.

Nilimkuta Mzee amekaa kwenye kiti cha mbao, veranda ya nyuma, leso ya maua mekundu imemzunguka tumboni. Nilidhani ni ya baridi. Nilipopita nyuma ya kiti nikaona fundo.

"Madam, hii leso ni ya nini?"

"Ya usalama. Usiifungue mpaka nirudi, isipokuwa akitaka choo."

"Amefungwa tangu saa ngapi?"

"Wamucii, nimekuambia ni ya usalama. Sijasema amefungwa."

Jioni nilimpa fomu ya chuo asaini. Swali la saba linauliza kama mteja alizuiwa kwa njia yoyote siku hiyo. Aliweka alama kwenye Hapana bila kusoma, kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi ambaye tayari anajua atampa ngapi. Hasira niliyorudi nayo nyumbani ingechemsha chai.

Jumanne, 7 Oktoba

Darasa saa kumi na moja jioni. Bwana Wahome, mwalimu wetu, ametupa orodha ya maneno ishirini ya Kiingereza ambayo lazima tuyajue kabla ya mtihani. Yote ni ya kubana na kuzuia.

"Kule ng'ambo," alisema, "ukimshika mzee mkono kwa nguvu, hiyo ni kesi. Kwa hivyo jueni kila neno, halafu jueni kusema hamjafanya."

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka fomu.

Nimeyanakili kwa utaratibu. Tight ni kitu kilichokaza, kama kiatu kidogo au kifuniko cha chupa kisichofunguka. Cramped ni mahali padogo ambapo miguu haikunjuki. Squeezed ni kubanwa kutoka pande mbili. Confined ni kuwekwa mahali usitoke. Restricted ni kuwekewa mipaka. Restrained ni mwili kuzuiwa, kwa mikono, kwa mshipi, hata kwa dawa. Nitaendelea na mengine kesho.

Kiingereza kina adabu nyingi kwa kazi hii. Unasoma orodha nzima na hukutani popote na mtu aliyeshika kamba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua ndogo. Mzee alikula vizuri. Leso kwa saa nane. Fomu: Hapana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jua kali, na upepo mkavu kutoka upande wa mashamba. Mzee ananiita msichana wa duka tangu nilipomwambia kazi ya mama yangu.

"Msichana wa duka."

"Naam, Mzee."

"Panga yangu iko wapi?"

"Panga ya nini?"

"Ya nini! Ya kukata mkate?" Alinitazama kama mtu aliyeuziwa unga wenye wadudu. "Mahindi yamekauka. Watu wananingoja pale mpakani mwa shamba na hakuna mtu amekata hata moja."

Akanieleza, na hapo hakusahau neno. Katika shamba lake hakuna mfanyakazi anayekata kabla yake. Yeye hukata laini ya kwanza peke yake, akasimamisha fungu la kwanza la mabua, ndipo wengine waingie. Nilimuuliza kama ni mila.

"Mila gani? Ni akili. Wa kwanza akikata juu, wote wanakata juu. Ng'ombe anakosa mabua, na jembe linakwama kwa visiki. Lazima kuwe na mtu wa kuonyesha chini ni wapi."

Kisha akainuka na kiti chake. Alitembea nacho hatua nne, ameinama, miguu ya kiti ikikwaruza saruji, mpaka akafika ukingo wa veranda. Pale akasimama akihema, mgongo umebeba mbao. Nilimrudisha polepole. Nilitaka kuifungua ile leso. Sikuifungua.

Fomu: Hapana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Leso. Hapana.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Madam alikuwa nyumbani na kaka yake Stephen alikuja kutoka Moiben na maziwa na mursik, yale ya kugandisha kwenye kibuyu. Stephen ndiye anayelima shamba sasa. Walianza kugombana jikoni kwa Kinandi, wakamalizia kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu Madam alitaka na mimi nisikie.

"Mchukue wiki moja tu," alisema. "Akate hiyo laini yake, moyo utulie, umrudishe."

"Nimeita mashine, Angeline. Mashine ya kuvuna haingojei mzee akate laini na panga. Akiona ile kitu ndani ya mahindi yake atanilaani mbele ya watu."

"Kwa hivyo mimi ndiye jela?"

"Wewe uko na fensi."

Madam aliweka kikombe chini taratibu mno. Baada ya Stephen kwenda aliniita, akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeulizia. Mwaka jana, wiki hizi hizi, Mzee alitoka getini kabla ya mapambazuko akashika njia ya Moiben kwa miguu. Walimpata siku ya pili ndani ya mtaro, amelowa, viatu hana, mapafu yamejaa maji. Alilazwa majuma matatu.

"Aliyempata ni mimi," alisema. "Sio Stephen. Mimi ndiye nilishuka kwa mtaro na sketi ya kazi."

Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikimwandika humu kama mtu mbaya. Leo sijui. Hasira yangu imehama kutoka kwake ikaenda kwa yule kaka mwenye mashine. Lakini leso iko pale pale, na aliyekaa ndani yake ni yule yule.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimefanya uamuzi. Madam akishatoka saa moja asubuhi kwenda kusimamia mtihani wa kidato cha nne, mimi nafungua leso. Geti lina kufuli na ufunguo ninao mfukoni.

Leo tumezunguka nyumba mara arobaini. Nimehesabu. Anatembea mbele, mikono nyuma, akikagua ua wa Madam na kuudharau. "Hii sukuma wiki nani alipanda karibu hivi? Zinabanana kama watu wa kanisa." Baada ya mzunguko wa ishirini alikunywa uji. Baada ya arobaini alilala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Nilijaribu pia kumpa mahindi ya kupukuchua kwenye ungo. Alichukua hindi moja, akaligeuza, akanirudishia.

"Hii imenunuliwa," akasema.

Saa kumi na nusu nikamfunga tena kabla Madam hajafika. Fomu: Hapana. Kwa mara ya kwanza ilikuwa karibu na ukweli, nikajisikia mtu bora kuliko watu wote wa nyumba ile. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Ijumaa, 31 Oktoba

Jua. Mizunguko arobaini na sita.

Jumanne, 4 Novemba

Leo nimekosea na nimekasirika. Aliyeleta gesi alipiga hodi, nikafungua geti, nikashika mtungi upande mmoja ili tuuingize jikoni. Nilipogeuka, Mzee hayupo.

Nilimkuta karibu na stendi ya boda boda, anatembea katikati ya barabara kwa mwendo wa kijana, lori nyuma yake limesimama likipiga honi. Waendesha boda walikuwa wanacheka.

"Sista, umepoteza babu?"

"Mwache aende, ana haraka kuliko sisi!"

Nilimshika mkono. Akanivuta. Nikamshika kwa mikono yote miwili, akaniambia mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu, "Mimi nimekuibia nini?"

Nilimvuta mpaka nyumbani. Jirani yetu Tabby, anayefuma sweta za shule barazani kwake, alisaidia kumsukuma getini.

Ilibidi nimwambie Madam. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa umeelewa." Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 6 Novemba

Bwana Wahome ametangaza jaribio la maneno yote ishirini Jumatano ijayo, saa nne asubuhi. Asiyefika jina lake halitapelekwa kwa mtihani wa Desemba. Nilimwomba nifanye jioni. "Mgonjwa wako hana mtu mwingine? Hata kule ng'ambo utaniambia mgonjwa hana mtu mwingine?" Madam hawezi kuacha chumba cha mtihani. Tabby amekubali kukaa na Mzee kuanzia saa tatu hadi saa saba.

Jumatatu, 10 Novemba

Jua siku ya nne. Mashine zimeanza kupita barabarani kuelekea mashambani. Mzee hali chakula. Anasikiliza tu.

Jumatano, 12 Novemba

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Saa tatu kasoro dakika kumi Tabby alipiga simu. Mtoto wake ametapika shuleni, anaenda kumchukua, hajui atarudi saa ngapi. Nilijaribu Madam, simu imezimwa kwa sababu ya mtihani. Nilisimama kwenye veranda na daftari la maneno mkononi. Mzee alikuwa ameanza tena: panga, watu mpakani, mahindi.

Leso ya tumboni alishajua kuilegeza. Anavuta pumzi ndani, anateleza chini. Kwa hivyo nilichukua ile ya pili iliyokuwa kwenye kamba ya nguo, nikaikunja mara mbili ikawa nyembamba, nikaufunga mkono wake wa kulia kwenye mkono wa kiti. Nilitumia fundo alilonifundisha marehemu baba, la kufungia ndama wakati wa kukamua. Ni fundo zuri. Ndama hawezi kulifungua, kwa sababu kadiri anavyovuta ndivyo linavyokaza.

Nilijua hivyo. Siwezi kuandika kwamba sikujua. Vidole vilikuwa vinafunga huku mdomo wangu ukirudia confined, restricted, restrained.

"Msichana wa duka, unafanya nini?"

"Ni ya usalama, Mzee. Narudi sasa hivi."

Nilisikia sauti yangu na ilikuwa ya Madam.

Kwenye jaribio nilipata kumi na tisa kati ya ishirini. Bwana Wahome alilisoma jina langu mbele ya darasa. Boda niliyopata ya kurudi iliishiwa mafuta njiani, nikatembea kilomita ya mwisho. Nilifika saa saba na nusu.

Tabby alikuwa amerudi, yuko barazani kwake na mtoto. Akanipungia mkono juu ya ua. "Leo ametulia kabisa! Nimechungulia mara mbili, amekaa tu."

Alikuwa amekaa tu. Kiti kilikuwa kimegeuka kuelekea upande wa barabara. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwikoni, vidole rangi ya biringanya, na leso imezama ndani ya nyama hata sikuiona mwanzoni. Fundo halikufunguka. Nilikata kwa kisu cha jikoni, nikiogopa kumkata yeye. Hakulia. Hakunitazama. Asubuhi yote alikuwa amevuta, zile mashine zikipita.

Nilikuwa nimefungua daftari hili mwezi Oktoba ili niandike ubaya wa watu wengine.

Alhamisi, 13 Novemba

Kliniki. Daktari ni kijana, mpole. Aliinua mkono wa Mzee na kuuachia, ukaanguka kutoka kifundoni kama kitambaa kibichi. "Mshipa wa fahamu umebanwa kwa muda mrefu," akasema. "Kwa kijana unaweza kurudi baada ya miezi. Kwa miaka hii, sijui. Nini kilitokea?"

"Alianguka," Madam akajibu. "Akalalia mkono."

Daktari aliangalia ile alama inayozunguka mkono mzima. Aliniangalia mimi. Mimi niliangalia ukuta, palipokuwa na bango la kunawa mikono.

Akaandika alianguka.

Ijumaa, 14 Novemba

Madam aliniita mezani. Usiku wa Jumatano aliniuliza kwa simu nikamwambia kila kitu, kwa hivyo anajua.

"Sitakufukuza," alisema. "Ukisema ulimfunga, watauliza ni nani alianza kumfunga. Shule yangu itajua. Kanisa litajua. Na wewe chuo kitakutupa. Umebakisha saa ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Nitasaini zote leo. Tarehe zote. Andika alianguka, uende na maisha yako."

Kalamu ilikuwa tayari iko wazi mkononi mwake. Nilimwambia nitafikiri. Akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Fikiri. Mimi nilifikiri mwaka mzima, na unaona nilifika wapi. Kwa leso."

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimweleza Bwana Wahome baada ya darasa. Alifunga mlango.

"Mzee wa miaka themanini kuanguka, hiyo ni habari?"

"Hakuanguka, mwalimu."

"Wamucii. Wewe ndiye namba moja katika maneno. Wale watu hawataangalia roho yako, wataangalia fomu yako. Unataka kusema ukweli ama unataka kusafiri?"

"Kwani haviendi pamoja?"

"Usinijibu kama mtu wa siasa. Andika alianguka."

Kila mtu ana neno moja la kunipa na ni lile lile. Nimechoka nao wote. Madam angalau anaogopa. Huyu haogopi hata kidogo, anajaza darasa, na kila mwaka anapeleka ndege nzima ya watu wanaojua maneno ishirini na wanajua kusema hawajafanya.

Jumatano, 19 Novemba

Nilimlisha kwa kijiko. Kwa mkono wa kushoto anamwaga. Mvua imerudi.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimejaza fomu ya tarehe 12. Swali la saba: Ndiyo. Palipoachwa nafasi ya maelezo nimeandika nilichofanya, kwa leso gani, fundo gani, saa ngapi hadi saa ngapi, na kwamba nilijua litakaza. Nikaandika pia kwamba siku nyingine zote, tangu 6 Oktoba, mteja alifungwa tumboni, na kwamba fomu za siku hizo zinasema uongo na mimi nilizipeleka chuoni nikijua. Nikampa Madam.

Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Kisha akaniambia nichukue viatu vyangu nitoke.

"Nilikuonea huruma!" alinifuata mpaka getini. "Nilikufungulia nyumba! Unaniandika mimi? Wewe uliyemharibu mkono?"

"Nimejiandika wa kwanza, Madam. Soma juu."

Alifunga geti kwa kishindo. Tabby alikuwa amesimama barazani, sindano zake za kufuma hewani. Mzee aliuliza kutoka kwenye veranda, kwa sauti kubwa, nani anauza nini.

Jumanne, 2 Desemba

Mtihani wa mdomo. Fomu niliipeleka bila sahihi ya Madam. Waliniruhusu kuingia chumbani, nadhani ili wanione tu. Watu watatu mezani, Bwana Wahome pembeni akikuna paji la uso. Mama mmoja mwenye miwani aliniuliza kwa Kiingereza kama nimewahi kumwekea mteja mipaka ya aina yoyote. Jibu tulilofunzwa ni kwamba sijawahi, na kwamba usalama na heshima ya mteja huja kwanza.

Nilisema: I tied him. Neno hilo halimo katika orodha ya Bwana Wahome. Kisha nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba fundo lilikuwa tight, kwamba alivuta, likazidi, na nikarudi nimechelewa.

Yule mama aliandika kwa muda mrefu. Saa zangu zote zimefutwa. Mtihani siwezi kuurudia kabla ya mwaka kwisha, na mwakani nitaanza saa kutoka sifuri, kama kuna nyumba itanichukua. Bwana Wahome alinipita kwenye ngazi bila salamu. Mama yangu aliposikia alisema, "Haya, rudi kwenye mizani," akanisukumia mfuko wa sukari. Nilipima kilo kumi na mbili nikiwa na hasira, na kila pakiti ilizidi kidogo.

Alhamisi, 4 Desemba

Madam amepiga simu. Tangu nitoke ameleta wasichana wawili. Wa kwanza alikaa siku moja. Wa pili Mzee alimtemea uji.

"Rudi," alisema. "Sijakusamehe."

"Sijaomba, Madam."

Nikamwambia nitarudi kwa masharti mawili. Leso isiguse kile kiti tena, milele. Na Jumamosi tumpeleke Moiben.

"Wewe ndiye wa kuniwekea masharti?"

"Ndiyo."

"Mashine imemaliza juzi. Atakata nini? Hewa?"

"Mpigie Stephen umuulize."

Alinipigia baada ya nusu saa. Kule chini karibu na kijito udongo ulikuwa umelowa, mashine ikazama, wakaacha kipande kama robo eka kimesimama. Stephen ameita watu wanne wa panga, wakate Jumamosi. Alitaka kujua kama Mzee bado ana mdomo wa kulaani. Madam akamwambia ndiyo, mdomo anao.

Jumamosi, 6 Desemba

Moiben. Anga safi, baridi ya asubuhi. Mzee alivaa gambuti mwenyewe, alibadilisha miguu mara mbili lakini akazivaa. Tulipopita kwa gari kwenye mabua yaliyolazwa na mashine alifunga macho, na Stephen, aliyekuwa anatungoja shambani mikono mfukoni, alisogea nyuma ya gari.

Wafanyakazi wanne walikuwa wamekaa mpakani. Walipomwona waliinuka. Hakuna aliyekuwa amekata.

Mzee alinyoosha mkono wa kulia, mmoja wao akamwekea panga. Likaanguka. Aliinama, akaliokota kwa mkono wa kushoto, akalihamishia wa kulia, likaanguka tena. Mara ya tatu alilibana kwa vidole huku ameshikilia kifundo kwa mkono mwingine, akainua, na likaanguka karibu na gambuti yake. Hapo akauangalia ule mkono, mbele na nyuma, kama mkono wa mtu mwingine alioachiwa amshikie.

"Nani amenifanya hivi?"

Stephen aliangalia kijito. Madam alianza, "Baba, uli..."

"Ni mimi, Mzee," nikasema. "Nilikufunga kwenye kiti nikaenda mtihani. Nilitumia fundo la ndama."

Uso wake ulibadilika polepole, kisha wote mara moja. "Mimi ni ndama?"

"Hapana."

"Toka kwa shamba langu."

Nilitoka. Nilisimama mpakani, nje ya waya. Hakuna aliyesogea. Mzee alisimama akipumua kwa nguvu, akaangalia mahindi, akaangalia watu, akaangalia panga chini, na nikaona hasira ikimtoka pamoja na sababu yake. Akageuka akitafuta kitu.

"Msichana wa duka! Unasimama huko unangoja basi? Kuja ushike hii panga, watu wanangoja."

Nikarudi nikalishika. Sijawahi kukata mahindi maishani, sisi ni watu wa duka na ng'ombe mmoja.

"Chini! Chini! Unanyoa nani kichwa? Hapo! Sasa vuta kwako. Kwako, si kwa mguu!"

Wafanyakazi walianza kucheka, akawanyamazisha. Nilikata mashina kumi, kumi na tano, mpini wa panga ukiteleza kwa jasho, yeye akitembea kando yangu akigusa kila kisiki kwa gambuti kupima kama kiko chini ya kutosha. Viwili alinirudisha nikavikate upya. Kisha akataka kunionyesha jinsi ya kushika, akanyoosha mkono, ukaning'inia.

"Nani amenifanya hivi?"

"Ni mimi, Mzee. Nilikufunga."

Ilikuwa hasira ile ile, mpya kabisa, haikupunguzwa hata chembe na ile ya kwanza. Akanifukuza. Nikaenda mpakani. Akaniita.

Laini ile ina mashina sitini na tatu. Ilituchukua karibu saa mbili. Mara ya tatu alinirushia hindi, likanipata begani. Madam alikuja akasimama karibu nami kwenye waya, viatu vyake vya shule vimejaa tope. Hakuniangalia.

"Ukimwambia alianguka, tutamaliza kabla ya saa sita," alisema. "Hatajua. Baada ya dakika tano atakuwa amesahau."

"Najua hatajua."

Mzee akaita. Nilirudi, nikakata mpaka shina la mwisho, tukaanza kusimamisha fungu la kwanza, yeye akiegemeza mabua kwa bega kwa sababu vidole havikushika. Yaliteleza, yakalala chini. Akauinua ule mkono mbele ya uso wake, kwenye jua, akaugeuza.

"Nani..."

"Ni mimi, Mzee," nikasema, nikaweka panga chini na kuanza kutembea kuelekea mpakani kabla hajanifukuza.